DRC: Mwanafunzi hodari wa shule ya msingi anangoja miaka 12 ili aonekane

Kila mwanzo wa Julai, iwe Lubumbashi, Kindu ao Kalemie, mambo ni yale yale kwenye viwanja vya shule: direkta anasoma majina, wazazi wamesimama juani, na mtoto aliyepata 85% anaitwa mbele. Anapigiwa makofi, pengine anapewa daftari mbili tatu. Septemba anarudi katika darasa lililojaa, na hakuna anayejiuliza tena huyu mtoto afundishwe nini zaidi.

Tuseme wazi: kosa si la elimu ya bure. Kifungu cha 43 cha Katiba ya 2006 kinasema elimu ya msingi katika shule za serikali ni ya lazima na ni bure, na tangu Septemba 2019 serikali ya Rais Félix Tshisekedi imeanza kuitekeleza. Mamilioni ya watoto waliingia ao walirudi shuleni. Kati yao wamo wenye akili kali ambao zamani walifukuzwa kila mwezi kwa sababu baba hakulipa. Leo wamekaa darasani. Lakini darasa lenye watoto 80 ao zaidi si ajabu mijini, na hapo ndipo tatizo lingine linaanza.

Mwalimu anaeleza hesabu ya kugawanya. Baada ya dakika tano, watoto watatu wamekwisha maliza. Mwalimu hawezi kuwaacha wengine, kwa hiyo wale watatu wanaambiwa wanyamaze. Mmoja anapewa chaki aandike ubaoni majina ya wanaopiga kelele. (Wengi wetu tumefanya kazi hiyo, na hatukujifunza kitu.) Mwaka ukipita hivyo, mtoto anazoea kwamba shule haihitaji jasho. Akifika darasa la tano na la sita, masomo yanapokuwa magumu kweli, hajui namna ya kuhangaika na swali asilolijua.

Kuna pia wale ambao mwalimu hawaoni kabisa, na chanzo mara nyingi ni lugha. Katika majimbo ya mashariki na Katanga ya zamani, Kiswahili ndicho kinachotumiwa kufundishia miaka ya kwanza, kisha Kifaransa kinachukua nafasi. Mtoto aliyekuwa moto katika hesabu anaanza kukosa, si kwa sababu hajui kuhesabu, bali kwa sababu hakuelewa sentensi ya swali. Jirani yake ambaye nyumbani wanaongea Kifaransa anapanda. Buletini inaandika kwamba huyu ni hodari na yule ni wa wastani, na wote wanaiamini.

Dawa inayopendwa ni kumrusha mtoto darasa. Kwa wachache inafaa. Lakini mara nyingi anatoka katika msongamano mmoja na kuingia mwingine, kati ya wakubwa wanaomzidi umri, akiwa ameacha nyuma mwaka mzima wa sarufi. Mzazi anasifiwa mtaani, mtoto anabaki na shimo la kujaza peke yake.

Taifa lenyewe linawatafuta wenye akili mwishoni kabisa. Programu Excellentia ya wakfu wa Bibi Denise Nyakeru Tshisekedi inawapa basi ya masomo waliofaulu vizuri zaidi mtihani wa serikali. Ni jambo jema. Ila linamkuta aliyefika mwisho wa sekondari, baada ya miaka 12. Kwa wa darasa la tatu hakuna kinachofanana nalo, isipokuwa mzazi mwenye uwezo amlipie masomo ya jioni ao amhamishe shule ya kibinafsi. Mtoto wa muuza makala hana njia hiyo.

Yapo mambo yasiyohitaji mradi mkubwa: swali la pili, gumu zaidi, kwenye pembe ya ubao, mtoto wa darasa la tatu kwenda la nne kwa saa ya hesabu tu, kisha kurudi kwa wenzake, sanduku la vitabu kwa ofisi ya direkta, linalofunguliwa kweli. Na mwalimu aulize kwa Kiswahili kabla ya kuamua kwamba mtoto hajui.

Lakini tusimtwike mwalimu peke yake. Mwaka wa masomo 2024-2025 ulianza na migomo ya walimu katika majimbo kadhaa kwa ajili ya mishahara, na wako wanaofundisha bila kuingia kwenye orodha ya malipo ya serikali. Kumwomba mtu kama huyo atayarishe somo mara mbili ni kumwomba kazi ya bure juu ya nyingine ya bure. ENAFEP nayo, yenye Kifaransa, hesabu na maarifa ya jumla, inataka kujua kama mtoto amefikia kiwango, haiulizi amekipita kwa umbali gani.

Kwa hiyo mzazi anaweza kuanza na swali moja kwenye mkutano wa kwanza wa Septemba: hapa kwenu, mtoto anayemaliza hesabu kabla ya wengine anapewa nini?