Manchester United: Mashabiki wanataka iuzwe, lakini iuzwe kwa nani?

Kwa mashabiki wa Manchester United, habari ya familia ya Glazer kuiuza klabu imekuwa kama mvua inayonguruma bila kunyesha. Ilinguruma mwaka 2010, ikanguruma tena 2021, na Novemba 2022 wingu likatanda kiasi kwamba kila mtu aliamini safari hii itanyesha. Mwisho wake zikadondoka rasharasha tu. Februari 2024 robo ya klabu ikaenda kwa bilionea wa Kiingereza, Sir Jim Ratcliffe, na familia ikabaki na usukani.

Tangu hapo mjadala haujalala, iwe Manchester kwenyewe, iwe Manzese, Mombasa au Muscat. Wapo wanaosema aje yeyote, hata shetani mwenyewe, mradi Wamarekani hao waondoke. Wapo wanaouliza, je, tunamjua huyo ajaye? Makala haya yanawaunga mkono zaidi hao wa pili, ingawa si kwa sababu ya kuwapenda akina Glazer.

Tuanze na historia, maana vijana wengi wanadhani Manchester United ilikuwa mali ya mashabiki mpaka alipotokea Mmarekani. Haikuwa hivyo. Kabla ya Glazer ilikuwa klabu ya familia nyingine, ya Edwards. Mzee Louis Edwards, mfanyabiashara wa nyama, alikuwa mwenyekiti tangu 1965, na alipofariki 1980 mwanawe Martin akarithi kiti. Mwaka 1989 Martin Edwards alikuwa tayari kuiuza klabu kwa mfanyabiashara Michael Knighton katika mpango wa pauni milioni 20. Knighton aliingia Old Trafford kabla ya mechi na Arsenal akiwa amevaa jezi, akapiga danadana mbele ya umati uliomshangilia. Wiki chache baadaye ikaonekana fedha hazikai sawa na mpango ukafa. Ule umati ulimshangilia mtu ambaye haukujua mfuko wake una nini.

Mwaka 1991 klabu ikaingia katika soko la hisa la London. Mwaka 1998 kampuni ya televisheni ya BSkyB, iliyokuwa chini ya Rupert Murdoch, ikaja na ofa ya zaidi ya pauni milioni 600. Mashabiki wakajipanga, wakaandika barua, wakawasumbua wabunge, na Aprili 1999 serikali ya Uingereza ikaizuia biashara hiyo. Ulikuwa ushindi wa kweli wa mashabiki. Hata hivyo hisa ziliendelea kuwa sokoni, na kinachouzwa sokoni hununuliwa na mwenye fedha, au na mwenye kukopesheka.

Huyo wa pili ndiye Malcolm Glazer. Alizaliwa Rochester, jimbo la New York, akarithi biashara ya vipuri vya saa akiwa kijana mdogo baada ya kifo cha baba yake, akapanda hadi kuinunua timu ya soka la Kimarekani ya Tampa Bay Buccaneers mwaka 1995. Mwaka 2005 alizinunua hisa za matajiri wawili wa Ireland, John Magnier na J.P. McManus, ambao walikuwa wamekosana na Alex Ferguson kwa sababu ya farasi wa mashindano aitwaye Rock of Gibraltar. Kwa hesabu ya jumla klabu ilithaminiwa kwa takriban pauni milioni 790, na sehemu kubwa ya fedha hizo ilikuwa mkopo.

Hapa msomaji asipite haraka, kwani hiki ndicho kiini cha ugomvi wote. Mkopo ule kwa sehemu kubwa uliwekwa juu ya klabu yenyewe. Chukua mtu anayenunua daladala kwa fedha za benki, halafu hesabu ya kila siku inayoletwa na dereva ndiyo inayolipa benki. Si kosa, wengi wetu tumeanza hivyo. Tatizo linakuja pale ambapo hesabu inalipa riba, inabakiza na posho ya mwenye gari, lakini tairi zimekwisha na paa linavuja. Old Trafford paa lilivuja kweli: Mei 2024, siku ya mechi na Arsenal, maji yalimwagika kama maporomoko kwenye kona ya uwanja huku dunia nzima ikitazama.

Baadhi ya mikopo ile ilikuwa ya riba ya kutisha. Ule wa aina mbaya kuliko yote ulifikia asilimia 16.25 kwa mwaka kabla ya kulipwa Novemba 2010. Magazeti ya Uingereza yamekuwa yakipiga hesabu kwamba riba, gharama za mikopo na magawio kwa wenye hisa vimekwishachukua zaidi ya pauni bilioni 1 tangu 2005. Na klabu hii kabla ya hapo haikuwa na deni.

Kwa nini basi kelele hazikuwa kubwa miaka ile ya mwanzo? Jibu ni Ferguson. Chini ya Glazer, mzee huyo alitwaa ubingwa wa England 2007, 2008, 2009, 2011 na 2013, na Kombe la Ulaya Moscow mwaka 2008. Mashabiki wengi (na sisi wa mbali ndio hasa) tulikuwa tukisherehekea, nani ana muda wa kusoma taarifa za fedha? Walioona mapema waliondoka wakaanzisha klabu yao, FC United of Manchester, mwaka huohuo wa 2005, kila mwanachama kura moja. Wamejenga hata uwanja wao. Lakini wanacheza madaraja ya chini kabisa, na hakuna kibanda umiza kinachoonyesha mechi zao.

Mwaka 2010 yakaja maandamano ya skafu za kijani na dhahabu, rangi za Newton Heath, jina la zamani la klabu. Hata David Beckham, aliyekuja Old Trafford na AC Milan, alijitupia moja shingoni. Kikundi cha matajiri wapenzi wa klabu kikajadili kuinunua, kikaona bei haishikiki, kikakaa pembeni. Ferguson akaendelea kushinda, skafu zikarudi kabatini.

Agosti 2012 familia ikapeleka hisa katika soko la New York kwa dola 14 kila moja. Karibu dola milioni 233 zilipatikana, na takriban nusu yake ikaenda kwa familia. Ujanja ulikuwa kwenye kura. Hisa za umma zina kura moja moja, na zile za familia zina kura kumi kumi. Malcolm alipofariki Mei 2014, watoto wake sita wakabaki na ufunguo huo. Ndiyo maana shabiki anayenunua hisa New York akidhani anapata sauti hupata cheti tu.

Baada ya Ferguson kustaafu 2013, ngoma ilibadilika. Aprili 2021 United ikawa miongoni mwa klabu zilizotaka kuanzisha ile Ligi Kuu mpya ya Ulaya ya matajiri. Mei 2 mashabiki wakavamia uwanja na mechi na Liverpool ikaahirishwa. Joel Glazer alikuwa amekwisha kuomba radhi kwa barua. Mwaka mmoja na nusu baadaye, siku ileile Cristiano Ronaldo alipoondoka, familia ikatangaza kwamba iko tayari kusikiliza wanunuzi.

Wakajitokeza wawili wakubwa. Sheikh Jassim bin Hamad Al Thani wa Qatar, mtoto wa waziri mkuu wa zamani wa nchi hiyo, alitaka asilimia 100 na kuahidi kufuta madeni. Ratcliffe, mwenye kampuni ya kemikali ya INEOS, mzaliwa wa Failsworth pale pale Manchester, alianza na kutaka sehemu kubwa, akaishia na ndogo.

Mashabiki wengi walimtaka Sheikh, na mtu huwezi kuwalaumu. Walikuwa wameona majirani zao City tangu Abu Dhabi ilipowachukua 2008, na Newcastle ikichukuliwa na mfuko wa Saudi Arabia 2021. Lakini Sheikh mwenyewe hakuwahi kujitokeza akaeleza mpango wake kwa kinywa chake. Mbuzi alikuwa kwenye gunia, na waliokuwa wakipiga makofi hawakuwa wamesikia hata mlio. Lipo pia lile la haki za wafanyakazi. Sisi tulio na ndugu Ghuba, wanaolinda maghala na kuosha vyombo, tunajua habari za pasi za kusafiria kushikiliwa na mishahara kuchelewa. Baadhi yetu tuliamua kutolizungumza, kwa sababu tulitaka kiungo mkabaji. Hili linastahili kusemwa wazi.

Oktoba 2023 Sheikh akajitoa, na usiku wa kuamkia Krismasi mkataba wa Ratcliffe ukatangazwa: robo ya hisa kwa dola 33 kila moja, na dola milioni 300 za kuendeleza klabu. Akapewa usimamizi wa soka. Familia ikabaki na karibu nusu ya hisa, lakini takriban theluthi mbili ya kura.

Huyu basi ndiye mwenyeji, mtoto wa nyumbani, ingawa makazi yake ni Monaco. Amefanya nini? Mamia ya wafanyakazi wamepunguzwa. Mkataba wa Ferguson kama balozi wa klabu ukasitishwa. Novemba 2024 tiketi zilizobaki za msimu zikawekwa pauni 66, bila punguzo kwa mtoto wala mzee. Msimu wa 2024/25 timu ikamaliza ya 15 katika Ligi Kuu ya England, ikafungwa na Tottenham fainali ya Ligi ya Europa kule Bilbao. Watetezi wake wanasema alikuta nyumba imeoza na dawa lazima iwe chungu. Yawezekana. Ila mama wa jikoni aliyepoteza kazi hakukopa hata pauni moja mwaka 2005.

Funzo ambalo wadadisi wa mambo hawalitaji vya kutosha ni kwamba kubadili jina la mmiliki hakubadilishi kitabu cha madeni, wala hakumpi shabiki kura. Ujerumani wanachama kwa kawaida hushika zaidi ya nusu ya kura za klabu. Tanzania nayo, Simba ilipoingia katika mabadiliko na Mohamed Dewji akashinda zabuni Desemba 2017, alipewa asilimia 49 kwa ofa ya shilingi bilioni 20, na 51 zikabaki kwa wanachama. Mizozo imekuwepo, tena mingi, lakini mwanachama wa Msimbazi akisimama mkutanoni na kufoka, sheria inamtambua. Wa Old Trafford anafokea barabarani.

Uingereza yenyewe imeanza kuliona hilo. Julai 2025 ilipitisha sheria ya kuunda msimamizi huru wa soka, mwenye mamlaka ya kuwachunguza wamiliki wapya na vyanzo vya fedha zao. Hiyo inasaidia siku ya kuuza. Haimlazimishi mtu kuuza.

Na siku hiyo inaweza kufika. Mkataba wa Ratcliffe una kifungu kinachoweza kumlazimisha naye auze hisa zake, endapo familia itapata mnunuzi wa klabu nzima baada ya miezi 18 ya mwanzo. Kwa hiyo anayedhani mambo yalimalizwa 2024 asome tena.

Kuna jambo moja la kuangalia kwa makini kabla ya hapo. Machi 2025 klabu ilitangaza mpango wa uwanja mpya wa watu 100,000, gharama ikikadiriwa kuwa pauni bilioni 2. Picha zilikuwa nzuri, paa kama mahema makubwa matatu. Fedha zitatoka wapi halikuelezwa siku ile. Ikiwa zitakopwa, na mkopo ukaandikwa kwa jina la klabu kama ule wa 2005, basi mnunuzi yeyote ajaye, Mwarabu, Mmarekani au mtoto wa Failsworth, atainunua nyumba pamoja na deni lake, na bei ya tiketi ndiyo itakayoonyesha nani analilipa.