Lamu ni mtaa wa watu

Kila mwaka ifikapo Agosti, katika mitaa ya Eastlands, Nairobi, vyama vya akina mama wa Umoja, makundi ya vijana wa Buruburu na wachuuzi wa Gikomba huanza kuchangishana pesa za safari ya Desemba. Zamani safari yenyewe ilikuwa Mombasa, basi. Tangu Mei 31, 2017, treni ya Madaraka Express ilipozinduliwa, Mombasa imekuwa jambo la kudamka na kuwahi stesheni ya Syokimau. Sasa wenye hamu zaidi wanasonga mbele: basi la Malindi, Garsen na Witu hadi gati la Mokowe, kisha boti ya kuvuka hadi kisiwa cha Lamu.

Ni jambo la kufurahia. Kwa miaka mingi kisiwa hicho kilitangazwa kwa wageni wa ng'ambo, na baada ya mashambulizi ya Mpeketoni ya Juni 2014 hata hao wakaadimika. Mkenya anayetoa akiba yake kwenda kuuona mji ulioorodheshwa na UNESCO kuwa Urithi wa Dunia mwaka 2001 anajifaa na anawafaa watu wa Lamu. Kasoro ni kwamba makundi mengi huondoka Nairobi yakiwa yamepanga kila kitu isipokuwa namna ya kukaa na wenyeji. Bei ya chumba inajulikana, fulana za kundi zimechapishwa, orodha ya nyimbo iko tayari kwenye simu. Hakuna aliyesimama kuwaeleza wenzake kwamba huko wanakokwenda watu wanalea watoto, wanazika, wanasali na wanahitaji kulala.

Lamu ni mtaa kama Kaloleni au Maringo ulivyo mtaa. Nyumba zake za mawe ya matumbawe, chokaa na boriti za mikoko zimesongamana hadi katika vichochoro vingine watu wawili hupishana kwa kugeuka ubavu. Ua uko ndani ya nyumba, hauna paa, na madirisha huachwa wazi ili upepo upite. Spika ya kubebwa mkononi inayowashwa saa tano usiku kwenye paa la nyumba ya wageni husikika ukutani kwa jirani, na kwa jirani wa jirani. Mkazi wa Eastlands aliyekesha macho kwa sababu ya baa iliyofunguliwa chini ya chumba chake hahitaji kufundishwa maana ya usumbufu huo. Anachotakiwa ni kuukumbuka akiwa yeye ndiye mwenye spika.

Salamu huja kabla ya neno lolote. Wazee hukaa kwenye madaka, zile baraza za mawe zilizo mlangoni pa nyumba, na anayepita bila kuwaamkia huonekana mara moja kuwa hakulelewa. “Salaam aleikum” haimlazimu mtu kuwa Mwislamu. “Hujambo” au “sabalkheri” pia hupokewa vizuri. “Niaje” iachwe kwa marika waliokwisha kuzoeana. Na daka ni sehemu ya nyumba ya mtu. Kundi la watu kumi haliketi hapo na kufungua chipsi bila kuomba ruhusa.

Suala la mavazi huzua ubishi katika karibu kila kundi, na hoja husikika ile ile: Kenya ni nchi huru, kila mtu avae atakacho. Ni kweli, hakuna askari wa kupima urefu wa kaptura Lamu. Lakini uhuru huo mwanamke wa Umoja haudai anapokwenda matanga Siaya au ibada ya mazishi Murang'a. Huko hujitanda leso bila kusukumwa. Ufuo wa Shela ni mrefu, una kilomita nyingi za mchanga, na nguo za kuogelea zina nafasi yake hapo. Kutoka ufuoni kurudi kijijini Shela au mjini Lamu, leso kiunoni na fulana mabegani vinatosha. Dera zinazouzwa Eastleigh, ambazo nusu ya kina mama wa Eastlands huzivaa nyumbani siku za Jumapili, ndizo nguo bora za mjini Lamu: zinapitisha hewa na zinastiri. Wanaume nao wasijione wamesamehewa. Kutembea kifua wazi mbele ya msikiti ni utovu wa adabu ule ule.

Kuhusu picha, msafiri wa Eastlands anapaswa kuwa mwalimu wa wengine. Mkazi wa Dandora amekuwa akiona wapiga picha tangu jaa la taka la mtaa huo lilipofunguliwa katika miaka ya 1970: wanashuka kwenye gari, wanamlenga mtoto anayeokota chuma chakavu, wanaondoka bila hata kumuuliza jina. Watu wa Korogocho wanaujua uchungu huo. Kwa hiyo inasikitisha sana kumwona kijana kutoka mitaa hiyo hiyo akimwinulia simu mwanamke aliyevaa buibui Lamu, au akiingiza kamera kwenye dirisha la madrasa, kwa kuwa tu mandhari yanapendeza. Milango iliyochongwa ipigwe picha kwa raha. Watu waombwe, na akikataa mmoja, simu irudi mfukoni bila kunung'unika.

Ngome ya mjini, iliyojengwa kati ya 1813 na 1821 na ambayo ilikuwa gereza hadi 1984, ina mlango wa kulipia na watu wa kueleza historia. Tiketi ya hapo ni pesa iliyotumika vizuri kuliko kuchungulia nyumba za watu.

Saa za mji hupangwa na sala. Adhuhuri ya Ijumaa maduka hufungwa, na mwenye njaa husubiri. Mwezi wa Ramadhani mikahawa mingi haifunguliwi mchana. Anayetaka kula ataandaliwa faragha anakolala, lakini kula mahamri huku akitembea mbele ya waliofunga ni dharau hata kama hakukusudia. Vileo huuzwa sehemu chache, na humo ndimo vinapaswa kunywewa. Wakati wa Maulidi, mji hujaa wageni wanaokuja kwa ajili ya Msikiti wa Riyadha, ulioanzishwa na Habib Swaleh, mwanachuoni mwenye asili ya Ngazija. Hapo mgeni wa Nairobi ana mlango ambao hakuutarajia: Pumwani, katika Majengo, kuna msikiti wenye jina hilo hilo la Riyadha, na mtaa wenyewe, ulioanza miaka ya 1920, ulijengwa nyumba za Kiswahili na watu ambao wengi wao walikuwa Waislamu, wakiwemo waliotoka Pwani. Adabu ya Lamu haiko mbali kama watu wa Jogoo Road wanavyodhani. Imekaa nyuma ya soko la Gikomba kwa karne nzima.

Punda ndiye lori, tuktuk na mkokoteni wa mjini. Anayebeba mawe au mchanga hawezi kugeuka kichochoroni, hivyo anayepisha ni mtu. Kumzuia ili watu wapige naye picha ni kumpotezea mwenyewe mapato ya siku.

Baharini mambo si ya mzaha. Bei ya boti ikubaliwe kabla ya kupanda, na idadi ya abiria isibishaniwe kwa kisingizio kwamba matatu ya Kayole hubeba zaidi. Wakati wa upepo wa kusi, hasa kati ya Juni na Agosti, mawimbi huwa makali. Agosti 2017 boti iliyobeba watu wa ukoo mmoja ilipinduka katika maji ya Lamu, na watu kadhaa wakafa, watoto wakiwemo. Hao walikuwa wenyeji wanaoijua bahari. Mgeni ambaye hajui kuogelea na anakataa jaketi la kuokolea kwa sababu linaharibu picha anawatia wenzake hatarini. Nahodha akisema safari ya kisiwa cha Pate kupitia mkondo wa Mkanda isubiri maji yajae, isubiriwe. Hakuna hongo ya kuharakisha maji.

Halafu kuna maji ya kunywa. Vilima vya mchanga vya Shela, ambavyo kila kundi hupanda kutazama jua likitua, ndivyo vinavyokinga mvua na kuichuja hadi kwenye visima vinavyonywesha mji wa Lamu. Visima vikitekwa kupita kiasi, maji ya chumvi hupenya. Anayetoka Eastlands, ambako mfereji hukauka siku nyingi za wiki na mitungi hupangwa mlangoni, ndiye angepaswa kuoga haraka kuliko wageni wote. Chupa tupu nazo zirudi naye bara. Tangu Juni 2020 Kenya imepiga marufuku plastiki za kutumiwa mara moja katika mbuga, misitu na fuo zilizohifadhiwa, na watu wa Lamu hawakungoja serikali iwaoneshe ukubwa wa tatizo: mwaka 2018 walizindua Flipflopi, jahazi lililoundwa kwa plastiki iliyookotwa, zikiwemo maelfu ya ndara, na mwanzoni mwa 2019 likasafiri hadi Zanzibar.

Jambo moja zaidi halitajwi kamwe kwenye vikao vya maandalizi, nalo ndilo zito kuliko yote. Watu wa Nairobi wakipendezwa na mahali, huulizia ploti. Swali hilo, likiulizwa siku ya pili mbele ya kahawa, humwangukia mwenyeji vibaya. Tangu miaka ya 1970, serikali ilipowapa watu wa bara mashamba Mpeketoni, ardhi imekuwa kidonda Lamu. Julai 2014 Rais Uhuru Kenyatta alitangaza kufutwa kwa hati za karibu ekari 500,000 zilizokuwa zimechukuliwa na kampuni 22. Bandari mpya ya Lamu, ambayo gati lake la kwanza lilifunguliwa Mei 2021, ilipandisha tamaa ya walanguzi, na mwaka 2018 Mahakama Kuu ya Malindi iliamua kwamba wavuvi walioathiriwa na mradi huo walipwe Sh1.76 bilioni. Mwenyeji aliyepitia hayo akimsikia mgeni wa siku mbili akiuliza ekari moja ni pesa ngapi, hasikii sifa kwa kisiwa chake. Kwa hiyo lisiulizwe. Mwenye nia ya kweli ya kununua ana ofisi za ardhi na mawakili, na ana muda.

Wapangaji wa safari ndio wanaobeba mzigo wa haya yote, kwa sababu wao ndio hupokea pesa. Wanaweza kuandika ukurasa mmoja na kuutuma kwenye kundi la WhatsApp kabla ya awamu ya pili ya michango, ili asiyekubali arudishiwe pesa zake mapema na nafasi yake ipewe mwingine. Na kabla ya ukurasa huo kuandikwa, mwenyekiti wa chama anaweza kupanda matatu hadi Majengo, apige hodi, na awaombe wazee wenye jamaa Lamu wafike kwenye kikao kimoja cha Jumapili. Nauli yao na chai vitolewe katika michango ya safari.