MASHINE ILIYOLALA MSIMU MZIMA



Pepo za kusi zimeanza kulegea, na hapa Faza boti zilizopandishwa juu tangu mwezi wa Mei zinateremshwa majini. Kisiwa cha Pate si mahali pa magari. Gari letu ni boti, na mashine yake ndiyo inayomfikisha Lamu mgonjwa, mwanafunzi na muuza samaki. Basi kila mwaka siku kama hizi tajiri hufika ufuoni asubuhi akasema, "Washeni, watu wanangoja." Nasi huwasha. Hapo ndipo tuna neno.

Mashine iliyolala miezi minne haiamshwi kwa kuvuta kamba tu. Petroli iliyoachwa katika kabureta hukauka ikabakiza utomvu unaoziba vitundu vyake, na ile ya tankini imekwisha nguvu. Dizeli nayo hukusanya maji chini ya tanki, na ndani ya maji hayo huota ute unaoziba chujio. Mpira wa pampu ya maji hukakamaa, ukavunjika dakika za kwanza, mashine ikaungua huku nahodha akidhani inapoa.

Baya zaidi ni maji ndani ya silinda. Maji hayabanwi kama hewa. Pistoni ikiyakuta kwa nguvu za stata, mkono wake hupinda. Kwa hiyo toeni plagi, au nozeli ikiwa ni ya dizeli, tieni oili kidogo, kisha izungusheni kwa mkono pole pole. Oili ya chini ikiwa nyeupe kama maziwa, maji yamekwisha ingia; msiwashe.

Na kwa roho ya mtu, ogopeni mvuke wa petroli. Ni mzito kuliko hewa, hushuka ukalala ngamani, na cheche moja ya betri yatosha. Fungueni mbao, acheni upepo upite, kisha ndipo mfunge betri.

Kazi hii yataka siku mbili. Msimu uliopita mwenzetu mmoja aliharakishwa, mkono wa pistoni ukapinda, naye akakatwa ujira kuulipia. Sheria ya Ajira ya mwaka 2007, kifungu cha 19, inamruhusu mwajiri kukata kiasi cha haki kwa uharibifu uliotokana na kosa la makusudi la mfanyakazi. Kutii amri ya kuharakisha ni makusudi ya nani? Na Sheria ya Usalama na Afya Kazini, ya mwaka huo huo, inatutaka tumwarifu msimamizi tuonapo hatari kubwa, naye asiturudishe kazini mpaka iondolewe.

Tajiri naye ana hasara zake, hatukatai. Boti iliyokaa juu haikumpa senti. Lakini mashine ikizimika Mkanda maji yakipwa, abiria watakesha kwenye mikoko, na kuvutwa hadi Lamu si bure.

Basi tunadai hivi: siku mbili za kuamsha mashine zihesabiwe katika ujira; oili, chujio na mpira wa pampu anunue mwenye boti; na safari ya kwanza iwe ya kujaribu, karibu na pwani, bila abiria. Aliyekatwa ujira msimu uliopita amletee katibu hesabu yake, pamoja na tarehe na jina la boti, kabla boti haijaondoka.