Kukompaili Keneli ni Rahisi, Kazi ni Kuitunza

Mtu akijifunza Linux wiki mbili tu, utamsikia anataka kukompaili keneli yake mwenyewe. Sina neno na hilo. Ninachopinga ni dhana kwamba kazi imeisha pale make inapomaliza bila kosa. Jamani, hapo ndipo inapoanza.

Tuanze na usalama. Ukitumia keneli ya Debian au Ubuntu, kuna watu wanaoitilia viraka, nawe unaamuru tu apt ivilete. Ukiunda yako, viraka ni juu yako. Mwaka 2022 lilitangazwa tundu liitwalo Dirty Pipe. Lilikuwemo tangu toleo 5.8 la mwaka 2020, na lilimwezesha mtumiaji wa kawaida kujifanya root. Matoleo 5.16.11, 5.15.25 na 5.10.102 yaliliziba. Aliyejiundia keneli hakuletewa dawa na apt. Ilibidi apate habari mwenyewe, apakue, akompaili upya. Kama huna muda huo, tumia ya distro. Si aibu.

Ukiwa na sababu ya kweli, kwa mfano kifaa ambacho keneli ya distro haikitambui, basi nakili faili ya config ya keneli unayotumia sasa kutoka /boot, iite .config, kisha endesha make olddefconfig. Jihadhari na make localmodconfig. Inaokoa muda kwa kuacha moduli ambazo hazijapakiwa wakati huo. Modemu yako ya USB ikiwa kwenye droo, utapata keneli mpya isiyo na intaneti! Pia weka jina lako kwenye CONFIG_LOCALVERSION ili moduli mpya zisifute za zamani ndani ya /lib/modules.

Kubwa kuliko yote: usiondoe keneli ya zamani. Mashine ikiwa mezani kwako, utaichagua kwenye menyu ya GRUB. Lakini wewe ukiwa Kisumu na seva iko Nairobi, nani atabonyeza kibodi? Weka GRUB_DEFAULT=saved pamoja na panic=10 katika /etc/default/grub, endesha update-grub, tumia grub-set-default kushikilia ya zamani, halafu grub-reboot kujaribu mpya mara moja tu. Mpya ikianguka kwa panic, seva itajiwasha upya baada ya sekunde 10 na kurudia ya zamani.

Njia hii haitakuokoa ikiwa keneli imewaka sawasawa lakini kadi ya mtandao imegoma. Kwa hiyo hakikisha kwanza kuna mtu karibu na seva, au una konsoli ya mbali. Ukikosa vyote viwili, usiguse keneli ya seva ambayo watu wengine wanaitegemea. Subiri hadi utakapofika Nairobi.