Historia ya Mirage Haikamiliki bila Wanunuzi Wake

Aingiaye Joubert Park, katikati ya mji wa Johannesburg, hukuta Jumba la Sanaa lililojengwa kwa ramani ya Edwin Lutyens na kufunguliwa mwaka 1915, ambamo zimehifadhiwa kazi za Monet na Rodin, na huenda akatoka humo akidhani ya kuwa hiyo ndiyo athari kubwa ya Ufaransa katika nchi hii, ilhali iliyo nzito zaidi ilipita angani.

Marcel Bloch, Myahudi aliyezaliwa Paris mwaka 1892, alifungwa na Wanazi katika kambi ya Buchenwald, akanusurika, akajiita Dassault, na mwaka 1956 kiwanda chake kikarusha ndege ya kivita ya Mirage III kwa mara ya kwanza. Ndege hizo zilianza kuwasili Afrika Kusini mwaka 1963, mwaka ule ule ambao Baraza la Usalama liliyasihi mataifa yote yasiiuzie silaha serikali ya ubaguzi, Ufaransa na Uingereza zikijizuia kupiga kura. Mwaka 1971, Mwalimu Nyerere na wenziwe walipokuwa wakiilaumu Uingereza katika mkutano wa Jumuiya ya Madola huko Singapore kwa azma yake ya kurejea biashara hiyo, Dassault iliafikiana na Afrika Kusini kuipa ujuzi wa kuunda Mirage III na F1. Nasi kelele zetu, kwa maoni yangu, zilielekezwa London zaidi ya ilivyostahili, na Paris ikasalimika.

Taathira ya mapatano hayo ya Dassault ilidhihiri baadaye. Baraza la Usalama lilipofanya katazo lile la silaha kuwa faradhi, tarehe 4 Novemba 1977, elimu ilikwisha vuka bahari. Mirage F1 zikapigana katika anga ya Angola, na mwaka 1986 kiwanda cha Atlas, huko Kempton Park, kikaonyesha Cheetah, iliyotokana na Mirage III.

Watetezi watasema ya kuwa kiwanda hutii serikali yake. Hoja hiyo ina sehemu ya haki, lakini haimwondolei muuzaji dhima ya kumjua mnunuzi, hasa muuzaji aliyeonja mwenyewe dhuluma ya ubaguzi. Kwa hiyo naona ni wajibu Jumba lile lile la Joubert Park lifanye maonyesho ya habari hii, na Waangola waliokuwa chini ya mabawa hayo waalikwe kutoa ushahidi wao, kwani historia ya kiwanda cha silaha iliyoandikwa na mafundi na wahasibu pekee ni nusu ya historia.