Rungu la wasomi, kiti cha mtemi

Wiki hii tuwaache kwanza wapenzi wanaosalitiana, tuongelee rungu. Naam, rungu. Kama umewahi kwenda mahafali ya chuo kikuu umeliona. Jamaa kavaa joho, uso kaukaza, begani kabeba kitu kirefu cha kuchongwa, na maprofesa wanamfuata nyuma pole pole. Kitu hicho kinaitwa siwa. Bungeni Dodoma ipo pia. Mpambe wa Bunge huibeba mbele ya Spika anapoingia ukumbini.

Sasa kasheshe limetokea hapa hapa kwetu Mkula. Tuna babu mmoja mchongaji, kijiwe kizima tunamheshimu. Chuo kimoja, jina kapuni, kilimtuma mtu kwake kutaka kichongewe siwa. Mjumbe kaja na picha ya siwa ya Ulaya yenye taji la mfalme juu, pamoja na karatasi ya kamati. Kamati inataka kitabu, mwenge, ramani ya Tanzania, Mlima Kilimanjaro, twiga, na wanafunzi wawili, wa kike na wa kiume, wameshikana mikono. Vyote hivyo vikae kwenye kichwa chenye ukubwa wa papai!

Babu akaikunja ile karatasi. "Mjukuu wangu," akaniambia mgeni alipoondoka, "hawa wanataka siwa au wanataka kabati?"

Nilicheka mpaka basi. Lakini usiku nikabaki najiuliza, taji la mfalme kwenye chuo cha Kitanzania linatafuta nini?

Huko Ulaya kitu hiki kilianza kama silaha, rungu la chuma la kupondea kofia za vita. Walinzi wa wafalme wakaja kulipamba kwa fedha, likawa alama ya mamlaka, na vyuo navyo vikadandia. Chuo Kikuu cha St Andrews, kule Scotland, kinayo moja iliyotengenezwa Paris mwaka 1461. Na Oliver Cromwell alipolifukuza Bunge la Uingereza mwaka 1653, aliamuru siwa iondolewe, akaiita kidude cha upuuzi. Mbabe yule!

Jina lenyewe, hata hivyo, ni la kwetu. Siwa ya Waswahili ilikuwa baragumu. Ile ya Pate ni ya pembe ya ndovu, ina urefu wa zaidi ya mita 2, na ile ya Lamu ni ya shaba. Zilipulizwa watu wakubwa walipotawazwa, na kwenye harusi na tohara za familia za heshima. Kapuku kama mimi usingeisogelea. Kwa hiyo mtu akikwambia haya mambo ni ya Wazungu watupu, mwambie akanywe maji.

Asubuhi nikaenda kwa babu. "Mwangaluka, babu." Akaitikia, kisha akaniuliza kama nimewahi kufika Bujora. Sijawahi. Akatikisa kichwa kwa huruma, akanipa nauli.

Basi nikapanda basi la Mwanza, nikashuka Kisesa. Pale Bujora kuna makumbusho ya Wasukuma yaliyoanzishwa na Padri David Clement, Mkanada. Kuna jengo la watemi lililojengwa kwa umbo la kiti cha mtemi. Humo ndani zimo ngoma, na vitu vingine vya utawala wa zamani. Nilikaa nikakodoa macho. Serikali ilifuta uchifu mwaka 1963, watemi wakarudi kuwa raia kama mimi na wewe, ila viti vyao bado vipo na wageni wanavisogelea kwa adabu.

Niliporudi nikamkuta babu ameshachora kwa mkaa ubaoni. Kichwa cha siwa ni ngoma ya kitemi. Juu ya ngoma kuna kiti kidogo, kitupu.

"Mbona hakuna aliyekaa?" nikauliza.

"Mkuu wa chuo atakuja, ataondoka. Wa kwanza, wa pili, wa kumi. Wewe ungemchonga yupi?"

Nikanyamaza.

Kuchonga kwenyewe usifikiri ni lelemama. Mpingo ni mzito mpaka unazama majini. Fimbo ya mita 1.2 yenye unene wa sentimita 5 ina karibu kilo 3, weka na kichwa unafika kilo 6. Mbebaji ni mhadhiri wa watu, amezoea kubeba chaki! Kwa hiyo babu akafanya mpini wa mninga, ambao uzito wake ni kama nusu ya mpingo, na ile ngoma akaichimba ndani kama ngoma ya kweli. Mpingo ukiwa mbichi hupasuka, ndiyo maana alitumia gogo alilolihifadhi uvunguni miaka mingi, ncha zake kazipaka nta. Mti huo huchukua miaka 70 au zaidi kukomaa. Ukikosea tundu moja umepoteza umri wa mtu mzima.

Kamati ilipoona ikanuna. Mmoja akauliza twiga yuko wapi. Wakabishana saa nzima, na mzee mmoja wa kamati, Msukuma mwenzetu, akaishika ile siwa, akakitazama kile kiti, akasema ibaki ilivyo. Wakagongelea kibati chenye nembo ya chuo, biashara ikaisha. Mshiko walimpa nusu. Nusu ya pili mpaka leo "inashughulikiwa".

Siku ya mahafali tulikwenda wote wawili, babu kavaa koti lake la kanisani. Getini wakatuomba kadi. Hatuna. Tukasimama nje ya uzio na wauza maua, tukaiona siwa ikipita kwa mbali, watu wote wamesimama wima. Kwenye kijitabu cha mahafali mchongaji hakutajwa. Mpambaji wa ukumbi katajwa, na mpishi pia.

Babu hakusema kitu. Ila mimi najua kilichopo chini ya ile pete ya shaba kwenye ncha ya mpini, maana umeme ulikatika usiku ule na mimi ndiye niliyemshikia tochi. Amechonga jina lake, la baba yake, na neno Mkula.

Haya, tukutane wiki ijayo.