Wito kwa Watu wa Isansa: Tumwache Msanii Amalize Wimbo

Ndugu zangu wa Isansa, msimu wa kahawa ukikaa vizuri na malipo ya chama cha ushirika (AMCOS) yakatoka, kila mtu anajua kinachofuata. Maturubai yanafungwa, spika zinakodiwa Mlowo au Vwawa, na Jumamosi moja inaweza kubeba sendofu mbili na harusi juu yake. Ni wakati mtamu. Nawaandikia kabla haujafika, maana lipo jambo tunalifanya kwenye shughuli zetu ambalo naomba tuliache.

Mnalijua. Kijana wa kiume anasimama na kikundi chake, anaimba sauti ya kwanza, au anakata kiuno kuwashinda wasichana walio pembeni yake. Au ni binti aliyenyoa nywele na kuvaa shati la kiume, anapiga ngoma mpaka wazee wanainuka vitini. Watu wanashangilia, wengine wanapita mbele kutunza, noti zinabandikwa kwenye paji la uso lenye jasho. Kisha MC anashika maiki: "Jamani, huyu ni kaka au dada?" Turubai zima linaangua kicheko. Simu zinainuliwa. Ubwabwa haujapakuliwa, video iko tayari kwenye magrupu ya Tunduma na Mbeya, na chini yake kuna maneno ambayo mama wa mtoto huyo atayasoma usiku huohuo.

Huyo kijana anampenda nani? Mimi sijui, na nyie hamjui. Wapo wasanii wanaopenda watu wa jinsia yao, Songwe kama kwingine kokote. Wapo wengine ambao sauti na maungo yao yako hivyo tu. Dhihaka ya MC huwaangukia wote sawasawa, na wote wanaumia.

Najua wengi watasema haya mambo yamekuja na simu na sinema za Wazungu. Mombasa, miongo kadhaa kabla ya hizo simu, mtafiti Gill Shepherd alikuta wanaume wanaopenda wanaume wenzao wakialikwa kwenye harusi za wanawake, wakiimba na kupiga muziki mle ndani ambamo wanaume wengine hawakuruhusiwa kuingia. Walidharauliwa? Ndiyo, walidharauliwa. Ila mwenye harusi aliwaita, akawalipa, na shughuli ikafana kwa sababu yao.

Na hapa kwetu Tanzania kuna Farrokh Bulsara. Alizaliwa Zanzibar tarehe 5 Septemba 1946, mtoto wa familia ya Kiparsi, baba yake akiwa keshia katika serikali ya kikoloni. Mwaka 1964, baada ya Mapinduzi, familia ikahamia Uingereza, na kijana akaja kujulikana dunia nzima kwa jina la Freddie Mercury wa bendi ya Queen. Ndiye aliyetunga We Are the Champions ya mwaka 1977, wimbo unaopigwa viwanjani bingwa anapoinua kombe. Nina hakika hata hapa Isansa wapo walioufuata kwa kumumunya maneno, bila kujua mtunzi wake ni mzaliwa wa Mji Mkongwe, na kwamba katika maisha yake aliwapenda wanawake na wanaume pia. Alifariki kwa maradhi yatokanayo na UKIMWI tarehe 24 Novemba 1991.

Mwaka 2006 ilipangwa sherehe Zanzibar ya kuadhimisha miaka 60 tangu azaliwe. Jumuiya ya Kiislamu ya Uamsho ikapinga vikali, sherehe ikafutwa. Mwaka 2019 ikafunguliwa makumbusho yake palepale Mji Mkongwe, eneo la Shangani, na mgeni analipa kiingilio kuona picha zake. Ndivyo tulivyo: sherehe yake tuliifuta, tiketi yake tunauza.

Kenya nako, filamu ya Rafiki ya Wanuri Kahiu, inayosimulia mapenzi ya wasichana wawili wa Nairobi, ilipigwa marufuku mwaka 2018, mwaka uleule ilipokuwa filamu ndefu ya kwanza ya Kenya kuchaguliwa kwenye tamasha la Cannes. Septemba Mahakama Kuu ikaruhusu ionyeshwe kwa siku 7. Kumbi zilijaa. Watu walikata tiketi, wakatazama, wakarudi majumbani kwao.

Sasa swali la sheria, maana lazima mtaniuliza. Kifungu cha 154 cha Kanuni ya Adhabu, kinachokataza kujamiiana kinyume na maumbile, kipo, na adhabu yake ni nzito mno, kuanzia miaka 30 hadi kifungo cha maisha. Binafsi naona imepita kiasi, lakini sitawaficha kwamba ipo. Kifungu hicho kinazungumzia tendo, tena la kuthibitishwa mahakamani. Hakimfanyi mtu mhalifu kwa sauti nyembamba, kwa mwendo, wala kwa namna anavyocheza. Katiba yetu nayo, ibara ya 12 inamtambulia kila mtu heshima ya utu wake, na ibara ya 16 inalinda maisha yake binafsi. Mtakumbuka Oktoba 2018, Paul Makonda akiwa Mkuu wa Mkoa wa Dar es Salaam, aliwataka wananchi wampelekee majina ya wanaopenda watu wa jinsia yao. Mwezi uliofuata Wizara ya Mambo ya Nje ikatamka kwamba yale yalikuwa maoni yake binafsi, si msimamo wa Serikali. Kama mkuu wa mkoa aliambiwa hivyo hadharani, sisi wa magrupu ya WhatsApp kazi hiyo tumepewa na nani?

Lipo na suala la mfuko, kwa wale ambao utu hauwagusi. Kijana akishachekwa shughuli mbili tatu, anapanda gari kwenda Tunduma, kesho yuko Mbeya, mwakani Dar es Salaam. Halafu sisi tunakodi kikundi kutoka hukohuko Mbeya, tunalipia na nauli.

Kwa hiyo naomba. MC, utani ni kazi yako na tunaupenda. Mtanie bwana harusi kwa ubahili wake, mtanie mjomba aliyechelewa na mchango wake, lakini mwili wa mtu usiufanye kichekesho. Mwenye simu, rekodi wimbo, na kabla ya kurusha muulize aliyeimba. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 ipo, ingawa kwa mtu mwenye adabu hata bila sheria ingetosha kuuliza.

Walimu wa kwaya, nyie nawaomba zaidi, kwa sababu watoto wengi hujifunzia kwenu kusimama mbele za watu. Sauti ya kijana ikikaa juu, mpange inapomfaa. Kumsukumia besi ili aonekane mwanaume kunaharibu koo lake na kunaharibu wimbo. Na wanakwaya wenzake wakianza kumpa majina, zuia siku hiyohiyo, usingoje mkutano.

Wazazi, mtoto anayecheza tofauti na wenzake hajawaaibisha. Fimbo haibadilishi sauti. Mtu mzima akimtishia au akimpiga, nendeni kwa mtendaji wa kata, au Dawati la Jinsia na Watoto la polisi. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inamlinda kama inavyomlinda mtoto mwingine yeyote.

Na wenye shughuli msimu huu, ninyi ndio wenye neno la mwisho, maana ninyi ndio mnaolipa. Mkikaa na MC kupanga ratiba, mwambieni kabisa kwamba kwenye turubai lenu hakuna msanii atakayedhalilishwa. Mwambieni kabla hamjampa advansi.